Ndugu Mwenye Ghadhabu na Jawabu la Nabii Harun (a.s.)

(Mazungumzo yaliyotolewa msikitini baada ya sala ya Maghrib)



Ndugu zetu Waislamu, baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumwombea rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), tunaanza mazungumzo ya leo kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Alitujia hapa mtu mzima, baba wa watoto, akimlalamikia kaka yake. Huyo kaka ni mtu wa sala, tena mkarimu, lakini ghadhabu yake haina lijamu. Neno dogo juu ya kodi ya nyumba waliyoachiwa na marehemu baba yao huzua kelele za kusikika mtaa wa pili. Tukamwambia: vumilia, nyamaza, huyo ni mkubwa wako. Naye akatutii. Mwanzo alinyamaza akiwa mbele ya kaka yake, halafu akaacha kupokea simu zake, kisha akaacha kabisa kufika nyumbani kwake. Na mama yao mzee anaishi kwa huyo huyo kaka. Tulipokutana naye tena, miezi minane ilikuwa imepita hajamwona mama yake, na tulipomwuliza akajibu kwamba yeye anavumilia tu kama alivyoambiwa.

Jibu lile lilitusumbua. Nasaha zetu juu ya hasira aghalabu humlenga mwenye hasira, ambaye mara nyingi hayupo msikitini siku hiyo. Anayezisikiliza ni yule anayefokewa, na yeye hatumpi ila neno moja: subira. Je, subira ndiyo kukata undugu? Tukakirejea kisa cha Nabii Musa na nduguye Harun (a.s.), kilichotajwa katika Surat Al-A'raf na Surat Taha.

Nabii Musa aliporejea kwa watu wake aliwakuta wameabudu ndama. Hasira yake ilikuwa ya haki. Hata hivyo aliyeshikwa kwanza ni Harun, ambaye hakuwa na hatia. Musa alizitupa mbao za Taurati, akamkamata nduguye kichwa na ndevu, akamvuta. Na Harun hakuwa mtoto. Yeye naye ni Nabii, na wafasiri wengi wanasema alimzidi Musa kwa umri. Angeweza kumkumbusha ukubwa wake. Angeweza pia kumkumbusha kwamba ni Musa mwenyewe aliyemwomba Mwenyezi Mungu ampe Harun awe msaidizi wake, kwa kuwa ulimi wa Harun ulikuwa fasaha zaidi. Hayo yote hakuyasema.

Lakini, ndugu zetu, Harun hakunyamaza, na hapa ndipo tulipokosea katika ushauri wetu. Alianza kwa kumwita Musa mwana wa mama yake. Wafasiri wanatueleza kwamba walikuwa wa baba mmoja na mama mmoja, bali Harun alimtaja mama ili kuulainisha moyo. Akamwomba asimshike kichwa wala ndevu. Kisha akaeleza udhuru wake kwa maneno machache: watu walimwona mnyonge na walikaribia kumwua, naye alichelea kuambiwa kwamba amewafarikisha Wana wa Israili. Akaomba pia jambo moja ambalo sisi tunalisahau sana, kwamba maadui wasifurahishwe kwa yanayompata.

Tulitafakari ombi hili katika majumba yetu. Ndugu wawili wanagombana sebuleni. Wake zao wanasikiliza, watoto wamesimama mlangoni, mpangaji amepunguza sauti ya redio yake. Mwenye hasira hawezi tena kurudi nyuma, kwani amekwisha kupata watazamaji. Basi usimjibu pale. Mwambie, "Kaka, twende nje tuzungumze," au kama ni dada, "Dada, nipe dakika mbili peke yetu." Wala tusidhani kwamba hasira ni ya wanaume tu, kina mama waliopo nyuma ya pazia wanalijua hili kuliko sisi.

Katika Surat Al-A'raf, ghadhabu ya Musa ilipotulia, kitenzi cha Kiarabu kilichotumika ni kile cha kunyamaza, kana kwamba ghadhabu ni mtu aliyekuwa akisema, akakoma. Hapo ndipo Musa alipoziokota zile mbao. Kwa hiyo usitake kumaliza shauri la mirathi wakati ghadhabu bado inasema. Mtume (s.a.w.) alimkataza hata hakimu kuhukumu kati ya watu wawili hali amekasirika, sembuse ndugu wanaogawana nyumba. Aliagiza pia kwamba aliyekasirika akiwa amesimama, aketi, na hasira isipoondoka, alale. Ukimwamrisha kaka yako aketi utamzidishia moto. Tandika mkeka, keti wewe kwanza, na uagize chai.

Ukihitaji kukaa mbali naye kidogo, kaa. Sharia imekataza Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na siku hizo ni nafasi ya kutosha kwa moyo kupoa. Miezi minane ni jambo jingine.

Hapa tuweke mpaka, tusije tukakosea mara ya pili. Hatuzungumzii mtu anayepiga. Mwenye kumpiga mdogo wake, mkewe au mama yake ni dhalimu, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kumsaidia ndugu dhalimu ni kumzuia na dhulma yake. Huyo ajulishwe wazee wa ukoo, na ikibidi serikali, na anayepigwa aondolewe hapo mara moja. Anayewaambia watu wa nyumba hiyo wanyamaze kwa ajili ya kuficha aibu anashiriki katika dhulma.

Yule bwana tulimwita tukamwomba radhi. Tukamweleza kisa cha Harun, tukamwambia amwendee kaka yake asubuhi, kabla ya shughuli za dukani, amwite kwa jina la mama yao, amweleze kwa ufupi lililomuumiza, kisha aingie ndani kumsalimu mama. Na kabla ya kuondoka nyumbani kwake asome dua ya Musa katika Sura hiyo hiyo, ambaye baada ya kumsikia nduguye aliomba maghufira kwa nafsi yake kwanza, kisha kwa Harun.

Alikwenda. Kaka alifoka, kisha akamwuliza kwa nini amekonda. Mpaka leo kaka anafoka, na habari ya kodi haijamalizika. Wamekubaliana kuipeleka kwa mzee mmoja wa ukoo. Mama yao anatembelewa kila Ijumaa.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.