Spidi Gavana na Gereji Inayoipima

(Maneno tuliyoyasema mbele ya madereva, makondakta na mataniboi wa Kisii na Nyamira, mkutanoni Keroka)



Mkutano umefanywa Keroka kwa sababu mji huu una mguu mmoja Kisii na mguu mmoja Nyamira, asije mtu akasema kwamba upande mmoja umependelewa.

Tuliombwa tuseme juu ya gavana. Hatusemi juu ya gavana wa kaunti. Yule huchaguliwa kwa kura, na huyu wetu hufungwa kwa spana. Wengine wenu mlidhani tumekuja kumlaani. La, sivyo. Chama hakipingi gavana. Abiria wanaokufa barabarani ni mama zetu na watoto wetu, na dereva mwenyewe ndiye akaaye mbele kabisa. Tulilokuja kusema ni hili: gavana ni kipimo, kama mizani, na mtu anayehukumiwa kwa kipimo ana haki ya kujua ni nani aliyekisahihisha na alikisahihisha namna gani.

Hapa petu hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Mkulima apelekaye majani kwenye banda la kununulia, awe wa kiwanda cha Kebirigo au Sanganyi au Nyansiongo, hutazama mizani kabla ya kutazama karani. Akiona mshale hausimami penye sifuri kikapu kikiwa hakijawekwa, atapiga kelele, na wenzake watapiga kelele pamoja naye. Duka la nyama vile vile: mkaguzi wa vipimo huja, hupima, hugonga muhuri. Lakini dereva, ambaye leseni yake na mshahara wake vyote vimening'inia kwenye chombo kidogo chini ya dashibodi, hajui hata jina la mtu aliyekipima.

Tukumbuke kidogo tulikotoka. Mwaka 2003 Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, alitoa kanuni katika tangazo la sheria nambari 161, nazo zikaanza kushika tarehe 1 Februari 2004. Wazee wa kazi mnaikumbuka siku ile, matatu zilivyoadimika na watu wakaenda kwa miguu. Gari la abiria, na lori ambalo uzito wake bila mzigo wapita kilo 3,048, sharti liwe na gavana isiyoliruhusu kupita kilomita 80 kwa saa. Miaka ikapita, mambo yakalegea. Oktoba 2018 basi likaanguka Fort Ternan, wakafa watu zaidi ya 50, na mwezi uliofuata Serikali ikazikaza kanuni zile tena. Waziri wa Usalama wa Ndani wakati ule, Dkt. Fred Matiang'i, ni mtu wa hapa hapa Nyamira, kwa hiyo hatukuweza kusema kwamba amri imeletwa na mgeni asiyejua vilima vyetu.

Tena gavana ya leo si ile ya mwaka 2004. Ile ya zamani kazi yake ilikuwa kuzuia tu. Kiwango cha taifa, KS 2295, kama kilivyoandikwa mwaka 2018, chataka chombo kiandike mwendo na kupeleka habari zake kwa NTSA. Maana yake, zamani chombo kilikuwa breki, na sasa kimekuwa shahidi. Breki mbovu hukuchelewesha. Shahidi mwongo aweza kukupeleka mahakamani.

Sasa tueleze jinsi kinavyosema uwongo, maana si lazima pawe na mtu mwenye nia mbaya. Kwenye gia boksi au kwenye gurudumu kuna kidude kinachotoa ishara za umeme kadiri gari liendavyo. Chombo huhesabu ishara hizo. Hakioni barabara, hakioni jiwe la maili. Kinajua tu kile ambacho fundi amekiambia: kwamba gari hili hutoa ishara kadha wa kadha kwa kilomita moja. Tuseme gari lako hutoa ishara 8,000 kwa kilomita, naye fundi, kwa haraka, ameandika 7,500. Utakapofikia mwendo wa 75, chombo kitasoma 80 na kukata mafuta. Abiria watanung'unika, gari la nyuma litakupita, na tajiri atauliza kwa nini umefanya safari moja pungufu.

Tairi ni jambo la pili, na ndilo kubwa zaidi. Gurudumu likizunguka mara moja, gari husogea kwa urefu wa mzingo wa tairi. Tuchukue tairi yenye mzingo wa milimita 2,250. Chombo kimepimwa kwa tairi hiyo. Baadaye tajiri anapata tairi za bei rahisi, ndogo kidogo, mzingo 2,100, naye anazifunga bila kurudi gereji. Tangu siku hiyo, ukienda 80 kweli, chombo kinasema karibu 86. Mambo yakiwa kinyume, yaani kilipimwa kwa tairi ndogo na sasa zimefungwa kubwa, chombo kinasema 80 nawe unakimbia karibu 86 bila kujua, na watu wako nyuma yako. Hata tairi ile ile, ikilika kutoka upya hadi mwisho wake, yaweza kubadili hesabu kwa asilimia 2 hivi.

Mtasema, kilomita tano sita ni kitu gani? Angalieni fedha. Kanuni za makosa madogo ya barabarani zilizotolewa mwaka 2016 ziliweka onyo kwa mwenye kuzidisha kilomita 1 hadi 5, shilingi 500 kwa 6 hadi 10, shilingi 3,000 kwa 11 hadi 15, na shilingi 10,000 kwa 16 hadi 20. Dereva aliyeteremka kwa 90 amezidisha 10. Kwa chombo chenye kosa lile la tairi itasomeka 96. Kama chombo ndicho kitakachoaminiwa, kosa la shilingi 500 limegeuka kuwa la shilingi 10,000, na tofauti yake imetengenezwa na tairi ambazo dereva hakuzinunua.

Nasi tumesema "aliyeteremka" kwa makusudi. Gavana hukata mafuta; haishiki magurudumu. Toka Kisii uende Oyugis, Sondu, mpaka Ahero, barabara inaporomoka kutoka milimani kwetu hadi tambarare za Kano. Lori la ndizi lenye mzigo kamili litapita 80 hata mafuta yakiwa yamekatwa, dereva asipotumia gia na breki mapema. Ndugu, kwa hilo hatuna udhuru. Ni kazi yetu. Lakini tajiri anayetuambia kwamba gari lina gavana, kwa hiyo haliwezi kukimbia, na aje aketi karibu nasi safari moja tu.

Tuwape habari ya mwenzetu mmoja. Hatutataja jina lake wala gereji, maana nia yetu si kugombana. Gari lake lilipelekwa kufungwa gavana mpya, naye alikuwapo. Fundi hakuuliza ukubwa wa tairi. Hakupima upepo. Hakulitoa gari nje hata hatua kumi. Alifunga nyaya, akaandika cheti juu ya boneti, akapokea fedha, muda wote usiofika nusu saa. Baada ya wiki chache mwenzetu akaambiwa kwamba kumbukumbu zinaonyesha anaendesha kwa fujo. Akasimamishwa kazi. Chama kilipolipima gari upya mbele ya tajiri, chombo kilionekana kinazidisha. Alirudishwa kazini, lakini mshahara wa siku zile haujalipwa mpaka leo, nasi bado tunaudai.

Basi gereji iwe namna gani? Tutazame wenzetu wa Ulaya, ambako chombo kiitwacho takografu kimekuwa ndani ya malori kwa miaka mingi. Mwanzoni madereva wa Uingereza walikikataa kabisa, wakakiita jasusi ndani ya kebini, na serikali yao ikasita kukilazimisha mpaka Mahakama ya Ulaya ilipoamua dhidi yake mwaka 1979. Magari mapya yaliyoandikishwa tangu tarehe 1 Mei 2006 yana takografu ya dijitali. Na gereji haziipimi kiholela. Fundi ana kadi yake maalumu yenye nambari ya siri, haitumiki zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kufanywa upya, na bila kadi hiyo chombo hakimruhusu kubadili kipimo. Kila alichokibadili hubaki ndani ya chombo. Gari hupimwa likiwa tupu, upepo wa tairi ukiwa sawasawa, likienda moja kwa moja mahali tambarare kwa mwendo wa kama 50. Likiisha kupimwa hubandikwa kibao chenye jina la gereji, tarehe, idadi ya ishara na mzingo wa tairi, na viungo hufungwa muhuri ili mtu akichokora ijulikane. Kipimo hurudiwa angalau kila miaka 2, na pia chombo kikitengenezwa au tairi za ukubwa mwingine zikifungwa.

Kwetu, NTSA huidhinisha wauzaji na wafungaji wa gavana, na gari la abiria hukaguliwa kila mwaka. Huo ni mwanzo mwema. Lakini kibali kilichotundikwa ukutani hakipimi tairi. Sisi twataka kibao kama kile cha Ulaya ndani ya kila gari, dereva apewe nakala ya cheti, na tajiri akibadili ukubwa wa tairi gari lirudi gereji kwa gharama yake mwenyewe kabla halijapakia. Twataka pia yule anayeuza chombo asiwe peke yake mwenye kusema kwamba kinapima vizuri.

Kuna faida moja ambayo madereva wengi hawajaiona. Takografu haiandiki mwendo tu, inaandika na saa. Kule Ulaya dereva hukaa usukanini saa 9 kwa siku, na kila baada ya saa 4 na nusu hupumzika dakika 45. Tajiri akimlazimisha kupita hapo, chombo kinamshitaki tajiri. Nasi tunayo sheria. Kifungu 66A cha sheria ya barabara kinakataza dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Kutoka Kisii hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 300. Anayekwenda na kurudi siku ile ile, mahesabu yake mnayajua. Leo akisema amechoka huambiwa wako wengi wanaoitaka kazi. Chombo kikiandika saa zake kwa haki, neno lake litakuwa na karatasi nyuma yake. Ndiyo sababu tunasema tusiharakishe kukichukia.

Na hapa sharti tujisemee wenyewe. Wako kati yetu wanaojua waya gani ukatwe, na swichi ifichwe wapi ili gavana ilale mpaka polisi waonekane. Mmecheka, basi mnawajua. Chama hakiwezi kwenda kwa tajiri kudai kipimo cha haki ikiwa muhuri umevunjwa na mwanachama wetu. Akipatikana, hatutamtetea katika jambo hilo. Kama tajiri ndiye aliyemwamuru, na aje atuambie mapema, kabla ya ajali.

Sasa kazi ya kufanya. Kipimo cha kwanza mwaweza kukifanya wenyewe. Gari likiwa tupu na tairi zina upepo wake, tia alama ya chaki chini ya tairi ya kuendeshea, juu ya mpira na juu ya ardhi. Sukumeni gari mbele polepole mpaka alama igeuke mara kumi kamili. Pimeni urefu kwa utepe, gawanyeni kwa kumi. Huo ndio mzingo. Ulinganisheni na ulioandikwa kwenye cheti, na kama hakikuandikwa, hilo lenyewe ni jawabu. Kipimo cha pili ni cha saa: kilomita moja iliyopimwa, kwa mwendo wa 60, huchukua dakika moja kamili, na kwa mwendo wa 80 sekunde 45. Kondakta ashike saa, dereva asiondoe macho barabarani. Mahali tambarare kwetu ni haba, twajua. Mtu mmoja amependekeza kiwanja cha ndege cha Suneka, lakini hatudhani tutaruhusiwa.

Utepe wa mita 30 umenunuliwa na uko kwa katibu. Fomu zimepigwa chapa, moja kwa kila gari: nambari ya gari, ukubwa wa tairi, mzingo, tarehe ya cheti, jina la gereji, muhuri mzima au umevunjika. Wa Nyamira watapewa zao kwa mwakilishi wao leo kabla hawajapanda gari, na wa malori ya chai waanze na magari yale yaliyobadilishwa tairi baada ya mvua.