Wajenzi wa Kale na Nyumba Zetu za Msonge

(Mazungumzo ya mwalimu wa kisomo na wanakisomo wake, wilayani Lushoto)

Leo tuzungumze juu ya ujenzi. Mtasema, "Aa, mwalimu, sisi sote tumejenga." Kweli. Lakini sikilizeni.

Wamisri walijenga piramidi za mawe huko Giza yapata miaka 4,500 iliyopita. Hawakuwa na trekta. Baadaye Wagiriki walisimamisha nguzo za marumaru. Hekalu lao la Parthenon, mjini Athens, lilianza kujengwa mwaka 447 kabla ya Kristo. Warumi nao walieneza matao. Tao ni mawe yaliyopangwa kama upinde. Kila jiwe humsukuma mwenzake, basi hakuna linaloanguka. Wagiriki walijifunza kwa Wamisri, Warumi wakajifunza kwa Wagiriki. Hawakuona haya kujifunza.

Tusiende mbali. Hapo Tongoni, kusini ya Tanga, yapo magofu ya msikiti na makaburi yenye nguzo. Yalijengwa kwa mawe ya matumbawe. Chokaa waliipata kwa kuchoma matumbawe hayo hayo. Kule Kilwa Kisiwani msikiti mkubwa una matao na kuba. Maarifa mengine yalikuja na biashara kutoka ng'ambo, lakini mawe na mikono ilikuwa ya hapa hapa.

Na huku milimani je? Mwaka 1848 mmisionari Krapf alifika Vuga, mji wa mfalme Kimweri ye Nyumbai. Hakukuta majumba ya mawe. Alikuta misonge. Kwa nini? Kwetu kuna mvua na baridi, na miti na nyasi ni tele. Fito zilipindwa, zikafungwa kwa kamba za mgomba, zikaezekwa mpaka karibu na ardhi. Moto ukiwaka ndani, moshi ulikausha nyasi na mahindi ya darini, wadudu wakakimbia. Hiyo ni akili, wala si ushamba.

Sasa niwaambie kosa langu. Nilipojenga nyumba ya bati, nilibomoa msonge wa babu. Aliniomba niuache. Nikamjibu, "Babu, unatutia aibu." Akanyamaza. Mwaka jana binti yangu akaniuliza fito za kileleni zilifungwaje. Mimi, mwalimu, nikashindwa. Na babu hayupo tena wa kumwuliza.

Sisemi turudi kwenye msonge. Bati ni jema, halishiki moto. Lakini fikirini: jiwe hukaa, fito huoza. Piramidi bado zipo, kila mtu anaziona. Msonge ukishaanguka, haubaki ila katika kumbukumbu za wazee, au katika maandishi.

Basi, kazi ya nyumbani ni hii. Kila mmoja amwendee mzee mmoja, mume au mke, amwulize mambo matatu: Miti gani ilitumika? Paa lilifungwaje? Kazi ipi ilikuwa ya wanaume, na ipi ya wanawake? Andikeni majina ya miti kwa Kishambaa, kama mzee anavyoyatamka. Msione haya kukosea herufi, tutasahihisha pamoja.

Zamani tungeweza kusema hatujui kuandika. Leo hatuna udhuru huo. Nendeni kesho, msingoje mavuno.