Sarafu za Kirumi na Makumbusho ya Ngomeni



Mtu atokaye hapa, akapita Kongowea na kuvuka daraja la Nyali, hana safari ndefu kufika Fort Jesus, ambayo watu wa Mombasa huiita Ngomeni. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitalia, Giovanni Battista Cairati. Tangu 1895 hata 1958 ilikuwa gereza, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa nyumba ya makumbusho. Humo mna vyombo vya Uchina na Uajemi, vyungu vya wenyeji, na vitu vilivyotolewa katika merikebu ya Kireno iliyozama chini ya ngome mwaka 1697. Lakini mwenye kuingia kwa kutaka habari za Warumi, waliotawala Misri yapata miaka elfu mbili iliyopita, hataona mengi ya kumjibu.

Je, watu wa dola ya Rumi hawakuijua pwani hii? Waliijua. Katika karne ya kwanza mfanya biashara mmoja wa Misri, mwenye kusema Kiyunani, aliandika kitabu kidogo cha kuwaongoza mabaharia, kiitwacho Periplus. Humo ameitaja pwani ya Azania na soko lake la mwisho, Rhapta, lililopewa jina hilo kwa sababu ya mashua zake zilizoshonwa kwa kamba, namna ya mitepe. Amewataja pia watu wa kisiwa kimoja waliovua kwa vikapu vilivyotegwa penye mikondo ya maji. Mvuvi wa leo mwenye madema hatahitaji kuelezwa zaidi. Wageni walileta mikuki, shoka, visu na vitu vya kioo, wakachukua pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Walileta na divai na ngano, si za kuuza, bali za kuwapendeza wenyeji. Nao mabaharia Waarabu walioa huku na kuijua lugha ya watu.

Basi maneno yapo. Kilichokuwa haba ni vitu vyenyewe. Mwaka 1912 Mwingereza mmoja, Kapteni Haywood, alifika Bur Gao, mahali palipo leo katika Somalia, karibu na mpaka wa Kenya. Alisema alipata huko sarafu za wafalme wa kale wa Misri na za Kaisari wa Rumi. Ingekuwa habari kubwa. Lakini katika fungu hilo zilikuwamo pia sarafu za Misri ya Waislamu, zilizopigwa karne nyingi baadaye, na hakuna mtaalamu aliyeziona zikiwa bado ardhini. Neville Chittick alipopachunguza mahali hapo miaka mingi baadaye, hakuona dalili ya mji wa zamani kiasi hicho. Mpaka leo wataalamu wengi hawazitegemei. Sarafu zenyewe huenda ni za kweli kabisa. Zilipotolewa mahali pake, ushahidi wake ulibaki nyuma.

Tazameni tofauti. Katika miaka ya 1990 Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba karibu na delta ya Rufiji, akapata shanga chache za kioo ambazo alizitambua kuwa za Kirumi. Shanga ni vitu vidogo kuliko sarafu ya Kaisari, wala hazina sura ya mfalme. Lakini zilikuwa katika tabaka la udongo pamoja na vigae vya vyungu vya wakulima wa kale, na kila kitu kiliandikwa kilipoonekana.

Huku Kisauni watu huchimba visima, mashimo ya vyoo na misingi ya nyumba kila mwaka. Jembe likigonga kigae kigeni, shanga au sarafu, fundi asikioshe kwa mchanga, wala asikipeleke kwa mchuuzi wa vitu vya kale. Na apime kina cha shimo, aweke alama, akiache kilipo ikiwezekana, kisha apeleke habari Ngomeni, kama itakavyo sheria ya makumbusho na urithi wa taifa ya mwaka 2006. Asidharau kigae kwa kuwa kimevunjika. Vingi vilivyomo Ngomeni vilipatikana hivyo hivyo, vipande vipande.