Upepo Kwenye Breki: Kabla ya Kuutoa, Tujue Ulikoingilia

Wenye magari wengi hupenda kujua kama mtu anaweza kutoa upepo kwenye breki za gari lake mwenyewe, nyumbani, pasipo kwenda gereji. Jibu letu ni kwamba anaweza, maadamu gari lake ni la aina ya kawaida, ana vifaa vinavyotakiwa, na ana mtu wa kumsaidia. Hata hivyo, lipo swali linalotangulia hilo, ambalo aghalabu husahaulika: upepo huo umeingilia wapi? Mtu asiyejibu swali hili hutoa upepo leo, na baada ya wiki chache hurudia kazi ileile. Mbaya zaidi, huenda akashuka mlima wa Kitonga au barabara ya kutoka Lushoto kwenda Mombo akiamini kuwa breki zake zimepona, kumbe ugonjwa bado umo.

Tuanze na jinsi breki zinavyofanya kazi. Dereva anapokanyaga pedali, nguvu ya mguu wake husukuma mafuta ya breki yaliyomo katika masta silinda. Mafuta hayo hupita katika mabomba membamba hadi kwenye magurudumu, nayo husukuma pedi au shuu zikabana. Siri ya mpango huu ni kwamba mafuta hayabonyei. Ukiyasukuma upande mmoja, nguvu yote hufika upande wa pili. Upepo hauna tabia hiyo. Hubonyea kama puto. Povu dogo tu likikaa ndani ya bomba, sehemu ya safari ya pedali hupotea katika kulibonyeza povu hilo badala ya kusimamisha gari. Ndiyo maana dereva huhisi pedali imekuwa laini mithili ya sponji.

Sasa, mpango wa breki umefungwa pande zote. Upepo hauingii humo pasipo sababu, na sababu zenyewe si nyingi. Ya kwanza ni kazi ya ufundi: bomba, mpira wa breki, kalipa au masta silinda vikifunguliwa, upepo huingia, na ni lazima utolewe kazi ikiisha. Ya pili ni mafuta kupungua katika kichupa chake mpaka masta silinda ikavuta hewa. Ya tatu ni mvujo: mpira uliopasuka, bomba lililoliwa na kutu, au silinda ya gurudumu inayotoa jasho la mafuta. Ya nne ni mafuta kuzeeka, nayo yahitaji maelezo kidogo.

Mafuta ya breki yanayotumika katika magari mengi hunywa unyevu kutoka hewani. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hutakiwa yasichemke kabla ya nyuzijoto 205 za Selsiasi. Yakishakunywa maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho huruhusiwa kushuka hadi 140. Kwa DOT 4 viwango hivyo ni 230 na 155. Breki zinazokanyagwa mfululizo katika mteremko mrefu hupata moto mkali. Mafuta yaliyojaa maji yakifikia kuchemka, hutoa mvuke, nao mvuke hubonyea kama upepo. Hapo pedali huzama wakati dereva anapoihitaji kuliko wakati mwingine wowote. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi wa magari huagiza mafuta yabadilishwe yote kila baada ya miaka 2 hivi. Na kwa sababu hiyohiyo dereva mwenye busara hushuka mlima kwa gia nzito, injini imsaidie, asiziachie breki mzigo wote.

Kabla ya kushika spana, basi, tuichunguze pedali, kwa maana kila ugonjwa una dalili yake. Pedali iliyo laini, lakini ikapanda na kuwa ngumu baada ya kukanyagwa mara mbili tatu, yaelekea ina upepo. Ingawa breki za ngoma za nyuma zilizolegea nazo huweza kuleta dalili hiyo. Pedali inayozama polepole huku mguu umeishikilia yaonyesha mvujo au masta silinda iliyochoka. Kutoa upepo hakutaiponya. Pedali iliyo ngumu kama jiwe wakati gari halisimami haina tatizo la upepo kabisa. Huenda kile kifaa kinachousaidia mguu kukandamiza kimekufa. Gari linalovuta upande mmoja lina tatizo katika gurudumu fulani. Kisha tuchungulie chini ya gari na upande wa ndani wa kila gurudumu. Penye unyevu wa mafuta, hapo ndipo mahali pa kutengeneza kwanza. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kuna jambo jingine la kuangalia katika kichupa. Mafuta hushuka kidogo kidogo kadiri pedi zinavyolika, hata kama hakuna mvujo. Kwa hiyo kuongeza mafuta kila yanaposhuka, bila kutazama pedi, ni kuficha habari ambayo gari linatupa.

Sasa tuingie dukani. Kwanza tusome mfuniko wa kichupa cha mafuta ya breki, au kitabu cha gari. Katika magari mengi yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani, mfuniko huonyesha DOT 3 au BF-3. Hizo ni alama za daraja moja. Tununue daraja lililotajwa. DOT 5 ni mafuta ya silikoni na hayachanganywi na DOT 3 wala DOT 4, hata tone. Mafuta ya injini, ya gia au ya usukani hayafai kamwe, kwa kuwa huvimbisha mipira ya ndani ya breki na kuiharibu yote. Tununue chupa ambayo kizibo chake hakijavunjwa, wala tusikubali kupimiwa mafuta ya breki kutoka katika dumu lililo wazi, kwa sababu hatujui yamekunywa maji kiasi gani. Na tudai risiti, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Vifaa vingine ni hivi: spana ya duara inayoenea sawasawa kwenye skrubu ya kutolea upepo, mpira mwembamba unaopenya mwanga, chupa safi ya kupokelea mafuta, jeki pamoja na stendi za chuma, kabari za magurudumu, vitambaa na maji. Mafuta haya huharibu rangi ya gari na huweza kuwasha ngozi ya mtu. Yakimwagika, paoshwe mara moja kwa maji mengi, na mfanyaji kazi ayakinge macho yake.

Gari liegeshwe mahali palipo sawa na pagumu, injini imezimwa, magurudumu yanayobaki chini yamewekewa kabari. Likiinuliwa, likae juu ya stendi. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Kichupa kijazwe mpaka alama ya juu, na mfuniko urudishwe juu yake.

Utaratibu wa kawaida ni kuanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa magari yetu yenye usukani kulia, hilo ni la nyuma kushoto, kisha la nyuma kulia, kisha la mbele kushoto, na mwisho la mbele kulia. Baadhi ya magari yana mpangilio wake, na kitabu cha gari kikisema vingine, tufuate kitabu.

Skrubu isafishwe, kisha ilegezwe kwa uangalifu. Ikiwa imeshikwa na kutu, ipuliziwe dawa ya kulegeza na isubiriwe. Tusiilazimishe, kwa maana ikikatika, kazi ya nusu saa hugeuka kuwa gharama ya kalipa nzima. Mpira mwembamba uvikwe kwenye skrubu, na ncha yake ya pili izame ndani ya mafuta kidogo yaliyowekwa katika ile chupa.

Hapo watu wawili wapatane maneno, nao wayatamke kwa sauti. Aliye kwenye pedali hukanyaga polepole na kushikilia, akasema, "Nimeshika." Aliye kwenye gurudumu hufungua skrubu robo ya mzunguko. Mafuta na mapovu hutoka, na pedali huzama. Aliye juu aendelee kuishikilia bila kuiachia. Skrubu hufungwa, ndipo aliye chini husema, "Achia." Mpangilio huu usivunjwe. Pedali ikiachiwa skrubu ingali wazi, gari huvuta upepo mpya, na kazi huanza upya. Katika gari la miaka mingi, ni vema kuweka kipande cha ubao chini ya pedali ili isizame hadi mwisho, kwa kuwa huko mwisho mna uchafu na kutu inayoweza kuchana mipira ya masta silinda.

Hatua hizo hurudiwa mpaka mafuta yatoke safi, bila povu hata moja. Baada ya kila mikanyago minne au mitano, kichupa kitazamwe na kuongezwa mafuta mapya. Kikikauka, upepo huingia kwa juu, na magurudumu yaliyokwisha kutengenezwa huwa yameharibika tena. Mafuta yaliyotoka yasirudishwe kwenye gari, hata yakionekana safi.

Kazi ikiisha, skrubu zote zikazwe kwa kiasi, vifuniko vyake virudishwe, na mafuta yafikishwe kwenye alama. Injini ikiwa imezimwa, pedali ikanyagwe mara kadhaa, kisha ishikiliwe kwa nguvu kwa muda wa dakika moja: iwe juu, iwe ngumu, na isizame. Injini iwashwe, pedali itashuka kidogo kisha isimame. Tuangalie tena kila skrubu kama inavuja. Ndipo gari lijaribiwe kwa mwendo wa mtu anayetembea, mahali pasipo na watu wala mteremko. Ikiwa pedali bado ni laini, au taa ya breki inawaka kwenye dashibodi, gari lisiingie barabarani. Lisiendeshwe hata "mpaka gereji tu". Aitwe fundi, au gari libebwe.

Yapo magari ambayo hatushauri yafanyiwe kazi hii nyumbani. Gari lenye ABS linaweza kutolewa upepo kwa njia ya kawaida, lakini upepo ukishaingia ndani ya kifaa chenyewe cha ABS, mara nyingi huhitaji mashine ya kompyuta ili utoke. Magari yanayotumia umeme pamoja na petroli, kama Toyota Prius, huwa na breki zinazosimamiwa na kompyuta, nazo huweza kujikandamiza zenyewe hata wakati hakuna aliyekanyaga. Hayo yapelekwe kwa fundi mwenye mashine na ujuzi wake.

Mafuta yaliyotumika ni sumu. Yasimwagwe mtaroni wala bustanini, na kamwe yasihifadhiwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, kwa sababu mtoto haoni tofauti. Yawekwe katika chombo chenye maandishi, mbali na watoto, kisha yapelekwe gereji inayokusanya mafuta machafu. Aliyeyanywa apelekwe hospitali mara moja, hata kama haonyeshi dalili.

Na yule anayechagua kumpa fundi kazi hii, ambao ni uamuzi wa heshima kabisa, bado ana la kufanya. Amuulize fundi kabla hajafungua chochote: "Upepo umeingilia wapi?" Fundi mwema hatachukizwa na swali hilo, atamwonyesha mahali penyewe. Aombe kuiona chupa ya mafuta ikifunguliwa mbele yake, na arudishiwe kipuri kilichotolewa. Ajue pia kwamba kubadilisha pedi peke yake, pasipo kufungua bomba lolote, kwa kawaida hakuingizi upepo. Akidaiwa malipo ya kutoa upepo kwa kazi hiyo, ana haki ya kuuliza sababu. Anayelipia kutoa upepo mara tatu kwa mwaka hajatengenezewa breki. Ameuziwa nafuu ya muda.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mlaji kupotoshwa juu ya bidhaa au huduma anayouziwa, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Bidhaa yenye shaka ya ubora hutolewa taarifa kwa Shirika la Viwango Tanzania. Katika mashauri ya namna hii, risiti, chupa yenyewe na kipuri cha zamani ndivyo vielelezo vya mlaji. Avihifadhi.

Ndugu wasikilizaji, breki hazimlindi dereva peke yake. Zinamlinda abiria wake, mwendesha bodaboda aliye mbele yake, na mwanafunzi anayevuka kwenye pundamilia. Wote hao hawakupata nafasi ya kuikagua pedali yake. Basi kila mmoja wetu aikague kwa niaba yao, kesho asubuhi kabla ya kuliondoa gari: akanyage, ashikilie, ahisi. Ikiwa laini, asiondoke mpaka ajue sababu.