SAUTI KWANZA, JINA LA HERUFI BAADAYE

(Maneno tuliyowaambia wazazi na wanachama waliokusanyika Boko)



Hatukuwaita hapa kwa ajili ya mchango, ingawa twaona baadhi yenu mmekwisha shika mifuko. (Kicheko.) Tumewaita kwa ajili ya watoto wenu walio darasa la tatu, la nne, na hata la tano, hapa hapa Boko, ambao hawajui kusoma. Hatusemi kwamba hawasomi vizuri. Twasema hawajui, na twaomba mtusikilize mpaka mwisho kabla ya kukasirika.

Jioni moja mtoto wa darasa la tatu alitusomea ukurasa mzima wa kitabu chake bila kukwama hata mara moja. Sisi tulifurahi, tukampigia makofi. Kisha mmoja wetu akaweka kiganja juu ya maandishi, na mtoto akaendelea kusoma vile vile. Alikuwa ameuhifadhi ukurasa wote kwa moyo kama mtu ahifadhivyo wimbo. Tukamwandikia ubaoni neno ambalo halimo katika kitabu chochote, neno lisilo na maana, "tobe". Akalitazama, akatutazama sisi, kisha akaanza kutafuta picha pembeni mwa ubao. Picha haikuwapo. Mtoto yule alikuwa amekaa shuleni miaka mitatu, na wazazi wake walikuwa wakijivunia kusoma kwake mbele ya wageni.

Wala jambo hili si la Boko peke yake. Uchunguzi wa Uwezo wa mwaka 2010, uliofanywa nyumba kwa nyumba katika nchi yetu, ulionyesha kwamba katika kila watoto 10 wa darasa la tatu, kiasi cha 3 tu ndio walioweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Sababu zajulikana. Mpango wa MMEM ulipoanza mwaka 2002, na ada ikawa imeondolewa, watoto walimiminika shuleni, na ilikuwa haki yao kumiminika. Mwaka 2016 elimu bila ada ilipoanza tena, wakamiminika tena. Na huku kwetu, tangu watu walipoanza kuhama mjini kuja kujenga upande wa Tegeta, Boko na Bunju, mikorosho imekwisha na nyumba zimejaa, na kila nyumba ina watoto. Mwalimu mmoja mbele ya darasa lililojaa hadi mlangoni atafanya nini? Atasema, darasa litaitikia. Katika kuitikia kwa sauti moja, asiyejua hujificha nyuma ya anayejua, na mwalimu hawezi kumwona.

Serikali nayo haikulala. Mwaka 2015 ulitoka mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioweka mbele kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK, na walimu wengi wakapewa mafunzo kwa mpango ulioitwa LANES. Mafunzo hayo yalisisitiza jambo ambalo ndilo shabaha ya maneno yetu ya leo: mtoto afundishwe sauti ya herufi.

Hapa yatupasa tukiri kosa letu wenyewe. Tulipoanza darasa letu la jioni tulifundisha kama tulivyofundishwa sisi: a, be, che, de. Watoto walijua majina yote ya herufi, tena kwa haraka. Lakini mtoto akifika kwenye neno "baba" husema "be-a, be-a", akakwama hapo. Na kwa hakika ana haki ya kukwama! Ukiunganisha "be" na "a" hupati "ba", wapata "bea". Tukamkemea, tukamwambia azingatie, kumbe sisi ndio tuliompa funguo isiyo ya mlango ule. Wiki nyingi zilipotea hivyo, na watoto wawili wakaacha kuja.

Aliyetuzindua hakuwa mtaalamu kutoka mbali. Alikuwa mzee mmoja afundishaye chuo cha Kurani. Alisikiliza nje ya dirisha, kisha akauliza, "Mbona mwamfundisha mtoto jina la herufi mkamnyima irabu yake?" Akatukumbusha kwamba chuoni herufi be huandikwa na fataha mtoto akasema ba, ikatiwa kasira akasema bi, ikatiwa dhuma akasema bu, na kwamba neno hili la irabu tunalolitumia shuleni limetoka huko huko, katika Kiarabu. Pwani yetu imefundisha kusoma kwa kuunganisha sauti miaka mingi kabla ya shule za serikali. (Lugha yetu ina e na o zaidi, na hati ya Kiarabu ilikuwa ikipata taabu nazo, lakini hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.)

Basi tukaanza upya. Kwanza masikio, kabla ya ubao. Twasema "kitabu", watoto wanapiga makofi: ki, ta, bu. Twauliza, "mama" na "meza" zaanza kwa sauti gani? Midomo inafungwa, "mmm". Mtoto ambaye hawezi kuisikia sauti ndani ya neno hataweza kuiona katika herufi. Kisha irabu tano, a, e, i, o, u, ambazo katika Kiswahili, tushukuru, hazibadiliki popote ziwekwapo. Kisha m, tukaiunganisha: ma, me, mi, mo, mu. Siku hiyo hiyo mtoto anasoma "mama" na "ama" na "mimi", na hizo amezisoma kweli. Kisha t, k, l, b, na kila sauti mpya yafungua maneno mengi. Twakata maboksi ya sabuni kufanya kadi. Asiye na daftari anaandika mchangani kwa kidole.

Ugumu upo, tusidanganyane. Upo katika maneno kama "mtu", "mti" na "mbwa", ambapo m haina irabu inayoifuata. Mtoto huongeza yake akasema "mutu". Upo katika "ng'ombe" na "ngoma". Upo katika ch, sh, dh na gh, herufi mbili zenye sauti moja. Na kwa kuwa Boko ina watoto wa makabila mengi, upo katika l na r, ambapo "kula" huwa "kura" na "kura" huwa "kula". Wakubwa nao tumewasikia wakizichanganya mbili hizo, na si katika kusoma tu. (Kicheko, makofi.) Mambo hayo hayahitaji fimbo. Yahitaji mtoto aisikie tofauti mara nyingi, akiwa karibu na mdomo wa mwalimu, katika kundi dogo.

Na asiulize mtu kama kazi inakwisha mtoto akishaunganisha sauti. La hasha. Tumepata watoto waliosoma sentensi nzima kwa sauti safi, na ulipowauliza nani alikwenda sokoni, hawakujua. Kasuku wa kwanza alihifadhi ukurasa. Huyu wa pili anatamka herufi. Kwa hiyo kila jioni robo saa ya mwisho ni ya hadithi na maswali.

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tuwaite, kwani bila hilo yote tuliyosema ni bure. Sisi tunawapanga watoto kwa kile wanachokijua, wala si kwa darasa wanaloketi shuleni. Ndiyo maana mtoto wa darasa la tano anaweza kukaa mkeka mmoja na mtoto wa darasa la pili, wote wakijifunza "ma, me, mi". Wazazi wamekuja kwetu kwa hasira. Baba mmoja alisema, "Mwanangu mmemshusha, mmenivunjia heshima mtaani," akamshika mkono akaondoka naye. Ndugu zetu, twaielewa hasira hiyo. Lakini hatukumshusha mtoto huyo. Tulimkuta chini, na hakuna aliyekuwa amemwambia. Kila mwaka alipandishwa darasa bila ngazi. Mtoto huyo bado hajarudi, na kila jioni twawaona wenzake aliokuwa akikaa nao wakisoma maneno ambayo yeye hawezi. Kama baba yake yumo humu leo, tunamwomba radhi kwa namna tulivyomweleza siku ile, na tunamwomba amlete. (Makofi.)

Wapo wengine wanaosema mtoto ana kichwa kizito. Kabla ya kusema hivyo, msimamishe mbali kidogo umwandikie herufi kubwa. Mtoto mmoja wetu tuliyedhani ni mvivu haoni ubao. Akiketi mbele anasoma. Wengine masikio yana usaha tangu utotoni. Hao wapelekwe zahanati, wala wasipigwe.

Tumeambiwa pia tungoje fedha. Fedha ni kitu kizuri, lakini hebu tutazame yaliyotokea. Katika mwaka 2013 na 2014 ulifanywa utafiti uitwao KiuFunza katika shule 350 za wilaya 10 za nchi yetu. Zilikuwamo shule zilizopewa fedha za ziada tu, kiasi cha shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, na walipopimwa watoto hawakuwa wamezidi wenzao. Faida ilionekana pale fedha zilipoandamana na bakshishi kwa mwalimu kwa kila mtoto aliyejua. Na majirani zetu wa Kenya, walipoanza mpango wao wa Tusome katika nchi nzima mwaka 2015, hawakugawa vitabu tu; maofisa walizunguka madarasani wakimwangalia mwalimu akifundisha na kumwelekeza.

Na wazee mnakumbuka. TAPA ilipoanzishwa mwaka 1955, wazazi wa Tanganyika walifungua shule wao wenyewe, kwani za mkoloni zilikuwa chache. Katika hesabu ya mwaka 1967 watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma; kufika 1986 walikuwa wamebaki kiasi cha 10. Mafia, Ukerewe, Kilimanjaro, Pare, Rungwe na Masasi zilitangulia, na waliofundisha wengi hawakuwa walimu wa kazi. Walikuwa watu waliojua kusoma kidogo zaidi ya jirani.

Basi haya ndiyo tunayoyataka. Mtoto aachiwe saa moja, tangu saa kumi na moja mpaka saa kumi na mbili jioni, siku nne za wiki. Twajua baadhi yao ndio wauza maji na vitumbua pale Magengeni wakati huo huo, na kwamba pesa ile ndiyo unga wa usiku. Wazazi wa namna hiyo waje tuzungumze faraghani. Tumekwisha panga kundi la asubuhi siku ya Jumamosi kwa ajili yao. Kila ajuaye kusoma, hata kama aliishia darasa la saba, aje tumwonyeshe namna ya kutamka sauti. Siku mbili zatosha kuanza. Twataka watu sita.

Kadi za ng', dh na gh hatujazifanya bado kwa kukosa maboksi. Mwenye maboksi makavu ayalete kabla ya Jumatatu.