MSITU WA JOZANI NA FUNZO LAKE KWA VYAMA

(Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama)



Huko Unguja uko Msitu wa Jozani ambao, pamoja na Ghuba ya Chwaka, ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004. Humo huishi kima punju, mnyama ambaye asili yake ni Zanzibar peke yake. Wageni huja kumtazama, na sehemu ya viingilio vyao hurudi vijijini kwa kazi za maendeleo.

Lakini kima hajui mpaka. Hutoka msituni akala mazao ya jirani, na mwenye shamba hupata hasara hata kama hajapata kumwona mgeni mmoja. Kwa sababu hiyo wakulima wa huko walijiunga katika umoja wao, wapate kudai fidia kwa sauti moja.

Chama chochote kilicho kando ya hifadhi na kijifunze hapa. Kwanza, aliyeharibiwa shamba akumbukwe kabla ya mgawo mwingine. Pili, kilimo kisiachwe. Mwaka 2020, wakati wa Korona, wageni walikatika ghafla dunia nzima. Tatu, kila shilingi ipokewe kwa stakabadhi, iandikwe siku ile ile, na isomwe mbele ya Mkutano Mkuu. Mwanachama asiyejua hesabu hatakuwa na sababu ya kuulinda msitu.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.