Ukumbusho wa Kapita wetu wa Mupira

(Maneno yaliyosemwa na katekista mwisho wa Misa ya Jubilei)



Bwana Paroko ametuagiza kusema maneno machache juu ya wale waliotutangulia katika parokia hii. Majina ya mapadri waanzilishi mtayasoma katika kitabu cha Jubilei, nasi tunawashukuru kwa moyo wote. Lakini sisi makatekista tumeomba ruhusa ya kumkumbuka mtu mmoja ambaye hakukaa kamwe katika viti vya mbele, kwa sababu kuvifikia kulimgarimu jasho jingi. Tutamtaja kwa jina mlilomwita ninyi wote, wakubwa kwa wadogo: Kapita wa mupira.

Kapita alizaliwa mzima. Alipokuwa na miaka 3 alishikwa na homa, na homa ilipokwisha miguu yake haikumbeba tena. Jamaa walitafuta mchawi, na ukoo ukagawanyika kwa sababu ya maneno hayo. Leo tunajua kwamba ilikuwa polio. Kijidudu chake huingia kinywani pamoja na maji au chakula kilichochafuka. Watoto wengi hawaonyeshi alama yoyote, lakini kwa wengine kinafika katika mishipa ya fahamu na kulegeza viungo. Hakuna dawa ya kuiponya. Kuna chanjo tu ya kuizuia, na matone yake yalianza kuenea ulimwenguni mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa Kapita yalichelewa.

Basi alijifunza kutembea kwa mikono, viganja vimefungwa vipande vya mipira ya gari. Watoto wenzake walikimbia mbele, yeye akawafuata nyuma mpaka kiwanjani. Hapo ndipo mapendo yake yalipozaliwa.

Katika mji wetu wa Lubumbashi, mupira na Kanisa ni majirani wa zamani. Mwaka 1939 wamonaki Wabenedikto wa masomo ya Saint-Boniface walianzisha timu ya Saint-Georges, ambayo leo tunaiita TP Mazembe. Timu hiyo ilipoitwa Englebert ilitwaa kombe la Afrika mara mbili, mwaka 1967 na mwaka 1968. Kapita alikuwa mtoto wa miaka 10 hivi. Alituhadisia mara nyingi jinsi alivyokaa chini ya dirisha la jirani mwenye radio, akisikiliza, na jinsi alivyoweza kesho yake kuwaeleza watoto wenye miguu mizima mambo yote yaliyotendeka.

Alipokuwa mtu mzima alishona viatu karibu ya ukuta wa parokia. Mtu asiyevaa viatu aliviponya viatu vya mtaa mzima! Siku moja timu ya vijana wetu ilipasua mupira wake wa pekee. Aliufungua, akaziba mupira wa ndani, akavishona upya vipande 32 vya ngozi kwa uzi uliopakwa nta. Tulipomwuliza bei, alikataa feza. Alisema: «Nipeni kazi katika timu.»

Ndugu wapendwa, hatutaficha. Tulicheka. Tulimpa filimbi na saa ili kumfurahisha, kama vile mtoto hupewa kitu cha kuchezea. Lakini yeye aliipokea kazi ile kama vile padri hupokea parokia. Alinunua daftari, akaandika kila mchezo: siku, majina, magoli, na majina ya waliotukana. Aliyetukana mara mbili hakucheza Siku ya Mungu iliyofuata, hata kama alikuwa mpwa wa Paroko. Sisi tuliosoma seminari ndogo tulifundishwa Kilatini asubuhi na mupira mangaribi, lakini adabu ya kushindwa bila chuki tuliijua kwa Kapita.

Wengi wenu mnakumbuka ugomvi wa mitaa miwili kwa sababu ya goli lililobishaniwa. Mawe yalikuwa tayari mikononi. Kapita alisukuma kinga yake ya magurudumu matatu mpaka katikati ya watu, akauweka mupira mapajani, akasema: «Mupira huu niliushona mimi. Nina uzi wa ngozi. Uzi wa kushona vichwa vyenu sina.» Mtu mmoja alicheka, kisha wa pili, na mawe yakaanguka chini.

Mwezi wa Desemba 2010, TP Mazembe ilifika fainali ya kombe la dunia la timu kule Abu Dhabi, ya kwanza kati ya timu zote za Afrika. Ilishindwa na Inter ya Milano, 3 kwa 0. Lakini kabla ya hapo dunia nzima ilimwona mlinzi wetu wa goli, Robert Kidiaba, akishangilia magoli ya wenzake: amekaa chini, anarukaruka kwa makalio uwanjani. Tulikuwa tumejaa mbele ya televizyo ya parokia, na kila mtu alipiga kelele za furaha. Kapita akasema, naye akicheka: «Mimi nimetembea hivyo tangu utoto, na hakuna hata mmoja aliyenipigia makofi.» Tulicheka naye mpaka machozi. Usiku ule, tulipofika nyumbani, hatukucheka tena.

Hakukubali kamwe mtoto mwingine apatwe na yale yaliyompata. Siku za chanjo alizunguka nyumba kwa nyumba. Mzazi aliyekataa alimwambia: «Mama, tazama miguu yangu kwanza, kisha ukatae.» Mwezi wa Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa imeondokana na polio ya asili, naye alifurahi kama siku ya kombe. Lakini aina nyingine ya kijidudu hicho, iliyotokana na matone yenyewe mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa, imeendelea kuwalemaza watoto wa Kongo. Kwa hiyo neno lake kwa mama wale ni neno letu kwenu.

Sasa tunafika kwenye jambo lililo zito moyoni mwetu.

Kanisa letu lina ngazi 7. Kwa miaka mingi Kapita aliacha kinga yake chini, akapanda kwa mikono, vazi la Siku ya Mungu likizoa vumbi. Siku za mvua alisikiliza Misa chini ya mwembe, na padri akamletea komunyo pale. Nasi tulisema: Tazameni uvumilivu wake! Tulimsifu kwa kubeba msalaba ambao sisi wenyewe tulimjengea kwa saruji.

Siku moja alikuja katika baraza la parokia na karatasi. Alikuwa amepima ngazi kwa uzi wake: kila moja sentimetre 15, zote pamoja sentimetre 105. Fundi mwashi alimweleza kwamba njia nzuri ya kupandia kwa magurudumu inadai metre 12 za kwenda mbele kwa kila metre moja ya kwenda juu. Basi aliomba njia ya karibu metre 13, kando ya ukuta. Tulimjibu: kwanza paa. Mwaka uliofuata: kwanza kengele. Kisha: kwanza ua. Yote yalikuwa mema, na yote yamejengwa. Hakukasirika. Aliikunja karatasi yake, akaiweka katika daftari.

Mwaka jana, wakati wa mvua, Kapita alituacha. Wachezaji 6 walilibeba sanduku lake kupita ngazi zile. Ilikuwa mara ya kwanza aliyopanda bila kuchafua mikono.

Baada ya matanga tulifungua daftari lake, na karatasi ilikuwamo, baada ya mchezo wa mwisho. Nyuma yake alikuwa ameandika majina ya watu 11 wa parokia wasioweza kupanda: wazee, vipofu, mama mmoja aliyekatwa mguu, mtoto mmoja asiyetembea. Watu 11, timu kamili. Jina lake mwenyewe halikuwamo.

Mapadri, baba na mama, hatukuja kumlilia tu. Mtume Paulo alitufundisha kwamba sisi ni mwili mmoja, na kiungo kimoja hakiwezi kukiambia kingine kwamba hakina kazi. Tumeyasoma maneno hayo mara nyingi tukiwa juu ya ngazi 7. Kwa hiyo sisi makatekista tunaomba, na Bwana Paroko amekubali: sadaka ya pili ya leo na feza za mchezo wa mangaribi zijenge njia ile. Vijana wataleta mchanga. Mashemasi wa jumuiya hai za msingi wataandika watakaofanya kazi. Mtoto yule wa katika orodha bado yuko chini ya mwembe. Tafazali, tusimwambie tena: kwanza.

Mungu ampe Kapita wetu pumziko la milele. Na Pasaka ijayo, siku ya kubariki njia, aliye wa mwisho katika orodha yake apite wa kwanza.

Asifiwe Yezu Kristu. Milele na milele. Amina.